Sahani Moja na Kemunto

Mjukuu wangu Moraa,

Huku Keroka tu wazima. Mume wangu mpya ananiita "bibi arusi" hata mbele ya mchungaji! Moyo wangu umejaa furaha hadi naona haya.

Unauliza kwa nini, kwa magoti haya, nitatembea hadi Kisii katika matembezi ya kuchangisha pesa za utafiti wa ugonjwa wa kujinyima chakula. Ni kwa ajili ya dada yangu Kemunto. Tulikuwa tukila ugali wa wimbi sahani moja, kama ilivyo desturi yetu. Alinisukumia ugali wa upande wake akicheka, "Kula, mdogo wangu, tumbo lako ni gunia!" Nami nikala. Mama akiona sahani tupu alifurahi: "Wasichana wangu wameshiba." Ni mimi tu niliyejua kwamba Kemunto haonji kitu, nikanyamaza kwa kuupenda ugali. Tulimzika angali msichana.

Sijawahi kumwambia mtu kabla yako. Hata mume wangu, atakayetembea nami, hajui. Tunakula sahani moja pia, na simezi tonge langu kabla sijaona amemeza lake.

Nawe huko mbali, mwanangu, unakula na nani?

Nyanya yako akupendaye