Jiwe la Watu wa Mitepe

Baba, shikamoo.

Jiwe lako limesimama. Nimeliona kwa macho yangu, ukingoni mwa bandari ya Tanga. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa ulipokuwa hai barua zako zote nilikusomea mimi.

Watu wa bandari walipokuja Korogwe kukuagiza jiwe la kuwakumbuka mabaharia wa kwanza wa Tanga, mimi niliandika maneno kwa mkaa, wewe ukayachonga kwa tindo bila kujua hata herufi moja. Ulipofika kwenye "mitepe" ukaniuliza, "Hiyo ni nini, mwanangu?" Nikakueleza nilivyofundishwa shuleni: vyombo vya kale, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi.

"Hata msumari mmoja?"

"Hata mmoja, Baba."

Ukaweka nyundo chini. "Mtu anashona mbao kama mkeka, anapanda, anaingia kwenye maji asiyoyaona mwisho. Na anafika!" Hukuchonga tena mpaka alasiri. Nawe hukuwahi kuiona bahari.

Kisha kifua kikakubana. Yalibaki maneno mawili tu, WAKAJENGA MJI, na nyundo huwezi kuiinua. Ukanitia tindo mkononi. "Malizia. Mkono wako naujua." Mama akasema jiwe likipasuka tutaaibika. Wewe ukafumba macho.

Tulikuzika Ijumaa. Jumatatu nikaketi mbele ya jiwe, nachonga huku nalia. Herufi ya kwanza ilinichukua asubuhi nzima. Kila pigo nilitega sikio, nisikie kama linapasuka kwa ndani, kama ulivyonifundisha. Halikupasuka.

Msimamizi wa bandari alipokuja kulichukua alipitisha kiganja juu ya maandishi, akakwama kwenye maneno yangu mawili. "Hapa mkono umebadilika. Nani kachonga?"

Nikajibu, "Mimi, bwana. Baba amefariki."

Akavua kofia. Akawaambia wapagazi aliokuja nao, "Lipakieni. Polepole."

Arobaini yako ilipopita nikapanda treni. Nimeiona bahari, Baba! Nilidhani itakuwa kama mto wetu ukifurika. Wapi! Haina ng'ambo. Nililishika jiwe kwa mikono miwili, nikahisi hata ardhi inatikisika kwa mawimbi, na watu wale waliivuka bahari hiyo kwa mbao za kushona.

Mzee mmoja, fundi wa mashua, akaniomba nimsomee. Nikasoma: HAPA WALITIA NANGA WATU WA MITEPE, WAKAJENGA MJI. Akalisogelea jiwe. Kisha akaniambia babu wa babu yake alikuwa mshonaji wa mitepe, na hakujua kama kuna mtu bado anawakumbuka. Akagusa herufi moja moja mpaka ya mwisho.

"Aliyechonga ni mtu wa pwani?"

"Hapana, mzee. Mzigua wa Korogwe. Bahari hakuwahi kuiona."

"Subhanallah," akasema. Akauliza jina lako, akakusomea Fatiha palepale, mawimbi yakipiga ukuta. Nikaitikia, "Amina."

Sasa nakuaga, Baba. Mungu akulaze pema. Kando ya mto nimepata jiwe la kijivu, gumu, halina ufa. Hilo ni la kaburi lako. Nitalichonga jina lako mimi mwenyewe, tangu herufi ya kwanza.

Binti yako,
Mwanahamisi