Baba Mkwe Alisema Kontre, Mimi Nikapita

Mama Anastasie mpendwa,

Nisaidie, nimefika mwisho wa uvumilivu, nakuandikia hasira ikiwa bado ya moto, na usilifiche jina langu gazetini kama unavyowafichia wengine, mimi ni Hippolyte, karani wa ghala la pamba hapa Kasongo, habari yangu inajulikana site nzima, mtaa wetu wote, mpaka sokoni, sasa utanifichia nini?

Sisi wa Serkle, klabu yetu watu wa hapa, Mama, tunacheza brij, karata za watu wanne, wawili kwa wawili, na Mzungu mmoja wa pamba ndiye aliyetuachia kitabu na karata alipokuwa anarudi kwao, na kwa kuwa kwenye klabu ya Wazungu hatuingii ila kwa mlango wa jikoni tukajiwekea meza yetu wenyewe, na hatuchezi pesa, ndiyo maana hata Faradji mwenye duka, Mwislamu anayeshika dini yake, anakaa nasi bila lawama. Sasa siku ya Pasaka baba mkwe wangu, Muzee Grégoire, mwalimu wa zamani wa misioni, akatoka Kabambare kuja kututembelea, mimi na binti yake Victorine na mjukuu wake Régina, na kwa kuwa yeye naye anacheza brij kule kwao na hachoki kujisifu, wenzangu wakasema aletwe Serkle. Akaletwa. Tukavuta karata ili kupata wenzi, maana sheria ni kwamba wawili waliovuta karata kubwa wanacheza pamoja, mimi nikavuta mfalme, yeye akavuta asi, na hapo, Mama, ndipo nilipopaswa kusema naumwa na tumbo nikaenda zangu, kwa sababu kwetu mtu hakai uso kwa uso na mkwe wake, hamkazii macho, na akisema neno mbele ya watu humwekei lako juu yake, na wenzi wa brij wanakaaje kama si uso kwa uso? Lakini watu walikuwa wamejaa na Muzee alikuwa anacheka kwa furaha, nikakaa, nikainamisha macho kwenye karata zangu kama bibi harusi.

Marcellin, mwuguzi wa dispensari, akatangulia kutangaza: kopa moja. Maana yake ni kwamba kopa zikiwa turufu yeye na mwenzake Faradji wataila meza mara saba katika zile kumi na tatu. Muzee akasema: kontre, yaani nawapinga. Faradji akapita. Zamu ikawa yangu, na mkononi nilikuwa na takataka, Mama, shupaza nne ambazo kubwa yake ni kumi, kopa mbili ndogo, malkia wa uru na wadogo zake watatu, na pau tatu ambazo hata kuzitaja naona haya. Najua kitabu kinavyosema, usidhani sijui, kontre ya mapema namna ile ni kumwambia mwenzako taja aina uliyo nayo nyingi, lakini kitabu kiliandikwa na watu wasio na wakwe! Mimi nitaje shupaza juu ya neno la baba wa mke wangu, mbele ya Serkle nzima, na mkono wenyewe mtupu? Na nilipokuwa nafikiri hivyo Muzee akakohoa, na nyumbani kwake akikohoa vile hata kuku wanatulia, nikaelewa ananiambia ninyamaze, nikasema: napita.

Basi ikawa kopa moja yenye kontre, Muzee ndiye wa kuanza kutupa, na kwa kuwa nilipita akaamini nimeshika kopa nyingi na nzito, akatupa kopa yake ya pekee ili mimi nimalize kazi, na mimi nikaweka tatu ya kopa, Marcellin akaangalia karata yangu, akaangalia uso wangu, akaanza kucheka. Wakala mara tisa. Faradji ambaye karata zake zilikuwa wazi mezani na hakuwa na la kufanya alikuwa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, kama mwuza mayai. Ilipokwisha Muzee akanyoosha mkono akazifunua karata zangu nilizokuwa nimekula nazo aibu, akapiga meza.

"Shupaza ine!" akasema. "Uko na shupaza ine mu mukono na unanyamaza?"

"Baba, nilikuheshimu."

"Heshima gani? Mi nilikuita! Mutu unamuita, haitike, ile ni heshima ya wapi? Siku moto inashika nyumba utasema unapita?"

Watu wakacheka, Mama, walicheka mpaka wa nje wakaja dirishani. Muzee akatoka mpaka uani, ambako Victorine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja na wake wa wenzangu, akamwambia, "Victorine, funga vitu. Tunarudi Kabambare. Siwezi acha mutoto wangu kwa mutu bubu." Victorine akaacha mchi, akanigeukia, akasema, "Baba Régina, weye unasema je?" Sasa ningesema nini, ni baba yake mzazi na alikuwa amesimama pale pale, nikatazama chini, akangoja kidogo, akamfunga mtoto mgongoni, na kamyo ya mchele iliyokuwa inakwenda upande ule ikawachukua.

Ndiyo heshima yangu ilivyolipwa. Nakula wali mkavu, Marcellin akinikuta njiani ananiuliza, "Karani, leo unapita?", baba yangu mdogo wa Lusangi ananiambia nimwachie Mungu, na shangazi yake Victorine, mama Apolline, aliyetoka Kabambare juzi, anasema, "Victorine iko tu. Anafanya kazi, anakula, hasemi kitu," na mimi naona wazi kwamba ameshaungana na baba yake. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, mimi wangu umeniponza kwa kufungwa! Basi nataka uamue, Mama, wewe mwenye kuheshimiwa na wote: kwa karata zile nilizokuandikia, nilikosea kupita? Ukisema nilikuwa na haki, nitalikata neno lako gazetini nilipeleke kwenye baraza la chefu, nimshitaki Muzee Grégoire anirudishie mke wangu.

Ni mimi mwenye kuonewa,
Hippolyte

* * *

Hippolyte,

Nimeisoma barua yako na sasa tuko wawili wenye hasira. Umekuja kwangu ukidhani utapata mama wa kukubembeleza, asiyejua kopa wala shupaza. Marehemu mume wangu alikuwa na meza ya brij barazani, na kila mtu wa nne alipokosekana niliitwa kutoka jikoni, nikakaa na unga mikononi, nikawashinda, na mgeni wa kiume akifika nikaambiwa asante mama, chai iko wapi. Karata nazijua. Wanaume wanaozicheza nawajua zaidi.

Ulikosea. Hilo ulilitaka, umelipata, likate gazetini ulipeleke unakotaka. Kontre ya Muzee ilikuwa swali. Alikuuliza, mwenzangu, una nini? Mahali pale anayeruhusiwa kupita ni yule aliyeshika kopa nyingi na nzito, anayejua atawavunja wale waliozitaja. Wewe ulikuwa na mbili, na ndogo. Ulitakiwa kusema shupaza moja, ukanyamaza zako, mengine angeyabeba mwenyewe. Unaniambia mkono ulikuwa mtupu! Mwanangu, hapo ndipo hukuielewa brij hata kidogo: ukiulizwa namna ile, kadiri mkono wako ulivyo mtupu ndivyo unavyolazimika kusema. Mwenye karata nzuri anaweza kufikiri. Wewe ulitakiwa kujibu tu. Kupita kwako kulikuwa uongo, na mzee wa watu akauamini, akaitupa kopa yake ya pekee akikutegemea. Kama ungempinga wazi wazi ungemwaibisha kidogo kuliko hivyo.

Na usinitajie desturi. Mimi nimezaliwa huku, nimeolewa huku, nimewaogopa wakwe zangu kama inavyotakiwa. Desturi inakukataza kumkatiza mkwe na kumpandishia sauti. Ni wapi inakwambia kwamba mkwe akikuita usiitike? Akija mlangoni akabisha hodi utakaa kimya ndani kwa heshima? Heshima si utumwa, na hii yako haifikii hata utumwa, maana mtumwa akiitwa huitika. Ulichokuwa nacho siku ile ni woga, ukauvika kanzu.

Sasa ngoja kidogo, nina neno na mtu mwingine. Muzee Grégoire, najua gazeti hili linafika Kabambare na najua unalisoma mpaka matangazo ya mbegu. Shikamoo, mwalimu. Kukohoa mezani wakati mwenzako anafikiri ni wizi, na wewe ulifundisha amri kumi miaka mingi. Ukamkasirikia kijana kwa sababu uliuliza na hakujibu, haya, ulikuwa na haki. Kisha ukaenda uani ukambeba mtoto wa watu bila kumwuliza lolote! Ndiyo, mtoto wa watu, maana alishaolewa, ana nyumba na ana mtoto. Victorine hakuwa mezani. Hakupita, hakutangaza, hakutupa karata yoyote. Alikuwa anatwanga sombe mliyokuwa mnaingoja nyote kwa hamu, na hasara ya mchezo wenu akabebeshwa yeye kwenye kamyo ya mchele. Uone haya, baba yangu. Nimemaliza na wewe.

Hippolyte, rudi hapa. Nimekukemea kwa ajili ya shupaza kwa sababu ndizo ulizoniuliza, lakini shupaza hazinikoseshi usingizi. Marcellin atachoka kukucheka, kesho kutwa yeye naye atacheza vibaya na site itahamia kwake. Kinachonichoma ni mahali pengine katika barua yako, ambapo umepita mbio kana kwamba kuna mvua. Karata zako umeniandikia zote, mpaka pau unazozionea haya. Mkeo umempa mistari michache, kisha ukarudi kulalamikia wali mkavu.

Soma tena ulichokiandika mwenyewe. Baba yake alipomwambia funga vitu, Victorine hakufunga. Aliacha mchi. Binti wa Muzee Grégoire, aliyelelewa kwa kikohozi kile, alisimama mbele ya baba yake na mbele ya wanawake wote akakugeukia wewe, akakuuliza unasema je. Yeye pia ana wazazi wa kuwaheshimu, au heshima ni yako peke yako? Alithubutu. Alikupa nafasi ya kusema neno moja, lolote, hata bovu. Nawe ukatazama chini. Ukapita mara ya pili, ewe mtu, na mara hii hapakuwa na kitabu wala karata za kusingizia!

Halafu unaniandikia kwamba ameungana na baba yake kwa sababu hasemi kitu. Aseme nini? Aliyesema mwisho ni yeye. Uliza mwanamke yeyote aliyewahi kusubiri jibu la mumewe mbele ya watu, atakwambia kinywa kinavyokauka baada ya hapo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ya kwako naona bado hayajamwagika, mtungi umeinama tu, na wewe umekaa pembeni unaulaumu.

Basi utafanya hivi. Baraza la chefu ulisahau. Ukimshitaki baba yake utashinda au utashindwa, lakini Victorine hatakusamehe kwamba ulipata sauti mbele ya hakimu ambayo hukuwa nayo mbele yake. Huyo baba yako mdogo wa Lusangi anayekwambia umwachie Mungu, mwambie Mungu amemtuma akusindikize. Nendeni naye Kabambare na kuku wenu, kama watu wenye adabu. Yeye aseme maneno ya mlangoni, hiyo ndiyo kazi yake na ndiyo desturi. Akimaliza, umwombe Muzee radhi kwa kutoitika ulipoitwa, kwa kifupi, na karata moja isitajwe, maana mkianza kuzungumzia kopa nyinyi wawili mtafika jioni.

Kisha uombe Victorine aitwe, akae pale pale mnapokaa. Asije mjomba wala shangazi kukusemea. Inua macho, si kwa baba yake, kwake yeye. Usimweleze heshima, amechoka nayo. Mwambie lile ulilopaswa kusema uani siku ile: "Mama Régina, sikutaka uende. Nataka turudi nyumbani." Halafu unyamaze, ngoja jibu lake kama yeye alivyongoja lako, na likiwa hapana, utaibeba hiyo hapana mpaka Kasongo bila kumlaumu mtu.

Na Muzee akikohoa, mwache akohoe.

Mama Anastasie