Rafu za Ukunga

Jumatatu, 4 Machi
Mkurugenzi wa maktaba ametoa amri. Eti wanafunzi wanataka viti, si makabati ya vumbi. Rafu ambazo vitabu vyake haviazimwi zing'olewe Ijumaa, vitabu viende stoo nje ya mji. Ukitaka kimoja, andika ombi, ngoja wiki.

Kompyuta inasema vitabu vya Sheria vinaongoza kwa kuazimwa. Vitaachaje! Maprofesa wamevihamishia ofisini kwao kwa maboksi. Rafu yenyewe kipara. Ukunga: vitabu 140, vilivyoazimwa viwili. Na kila nikipita nawakuta wasichana wa ukunga pale, wanachomoa hiki, wanafungua kile, wanarudisha. Faini inawatisha. Aliyesoma akiwa amesimama kompyuta haimwoni.

Mimi hapa nilianza na ufagio. Nilichokijua nilikijua nimesimama, mbele ya mbao hizohizo.

Jumanne, 5 Machi
Nimemweleza mkurugenzi. Akacheka. Mama yangu, huruma si takwimu.
Haya. Takwimu atazipata.

Jumatano, 6 Machi
Nimeviazima vyote! Kwa kadi yangu, za wapanga vitabu watatu, na ya mlinzi — aliyeuliza kama kuna kitabu cha kuzalisha hela. Kitabu kikirudi kabla ya siku mbili kompyuta haikihesabu, kwa hiyo vikae nje ya rafu mpaka Ijumaa jioni. Nimevifungia ofisini.

Alhamisi, 7 Machi
Msichana mmoja mrefu wa ukunga kaja, ana mtihani kesho. Akapapasa mbao tupu kama anayetafuta swichi gizani. Mama, wameshavichukua?
Nikasema sijui, mwanangu. Ufunguo mfukoni. Kimoja tu kikionekana, watauliza vingine viko wapi.
Sijui!

Ijumaa, 8 Machi
Mkurugenzi kapanda na fundi. Ukunga mmepaa kwenye kompyuta, anasema, hongera. Kisha akazitazama rafu tupu. Uso ukamchanua. Basi kazi imejimaliza yenyewe — wenye vitabu wanavyo, rafu ya nini?
Na ya Sheria je, nikamuuliza, si tupu vilevile?
Ile ya maprofesa, mama. Usinigombanishe na wakubwa.

Rafu tatu za ukunga zimelala chini. Mbili bado. Fundi kaenda kula, na mimi nimejifungia humu, vitabu vimenifika magotini. Nikifungua mlango vinarudi kwenye hizo mbili — na mkurugenzi atauliza vimeazimwa kwa kadi za nani. Mimi nitavumilia kufukuzwa. Wale wapanga vitabu watatu, nyumbani kwao hakuna mshahara mwingine. Nisipofungua, jioni havina pa kurudi, na stoo inavisubiri.

Mluzi kwenye ngazi. Fundi keshashiba. Anaita: mama, njoo unishikie, hii rafu isije ikaniangukia.