Maziwa Kwenye Radieta

Wanjiru mjukuu wangu,

Huku Eldoret tuko salama, mahindi yamefika magotini na kikohozi cha baba yako kimeisha. Umeuliza wewe na mchumba wako mnunue gari la kampuni gani, lidumu kama pikapu ya babu yako.

Kabla hatujaoana alikuwa anabeba maziwa na hiyo pikapu, na siku moja akanipa lifti. Tukipanda mlima wa Timboroa injini ikachemka. Akachukua debe akaenda kutafuta maji, ukungu ukammeza. Alipokawia, nikaona radieta imekauka na maziwa yamejaa nyuma. Nikamimina, nikidhani nimesaidia.

Aliporudi alinusa, akaweka debe chini. Nilingoja matusi. Akavua koti akanifunika mabegani, kisha akaiosha radieta polepole, debe baada ya debe, hadi maji yakatoka safi.

Mpaka leo tukipanda mlima na pikapu hiyo nasikia harufu ya maziwa yaliyochemka. Fundi anasema haiwezekani.

Jina la kampuni lilibanduka zamani, silikumbuki. Lakini huyo mchumba wako, mwangalie vizuri siku gari litakapochemka.

Ni mimi, shosho wako.