Mapengo Mawili, Sikio la Kushoto

Jumatatu, 2 Februari

Wewe uliyeokota daftari hili, lifunge. Kama umeshasoma mstari huu, basi nakusihi: usimwambie mtu hata neno moja. Si rafiki, si mchungaji, si mwenzako wa kitandani. Nimetia sahihi karatasi afisini kwamba habari za rejista sitazitoa nje, na humu nitaandika habari za rejista tu. Nitakuwa nikilificha ndani ya ndoo ya unga. Anayetaka kulisoma achafuke kwanza.

Mimi ni karani wa kuandikisha ng'ombe, hapa Kitale. Mkataba wa miezi mitatu — kazi yangu ya kwanza tangu nimalize Chuo Kikuu cha Kibabii. Kila ng'ombe lazima avalishwe hereni ya plastiki ya manjano yenye namba. Tonny, mwenzangu wa kazi, anabana hereni kwa koleo, mimi naingiza kwenye tableti: namba, rangi, umri, mwenyewe. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 13, saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo, ng'ombe asiye na hereni haingii sokoni wala hapandi lori.

Leo tulikuwa kwenye josho la ng'ombe, eneo linaloitwa Kwanza. Wafugaji kama sitini walikuwa wanatungoja. Walikuwa wameng'oa mbao za ile njia nyembamba ambamo ng'ombe hubanwa — na wamezikalia! Wazee wamejipanga juu ya mbao kama wako kanisani. Bila ile njia huwezi kumshika ng'ombe. Bila kumshika, hakuna hereni.

Mmoja akauliza, kwani ng'ombe yake inaolewa, ndio mnaipamba? Kicheko. Mama mmoja akasema hiyo namba iko kwenye Ufunuo. Mwingine akasema leo ni namba, kesho ni ushuru. Wa mwisho alikuwa Mzee Kiptum, mwenye shamba kubwa kuliko wote pale. Hakupaza sauti.

"Sisi tunajua ng'ombe zetu. Nyinyi ndio hamjui. Sasa mgonjwa ni nyinyi, mbona dawa mnapea sisi?"

Bwana Noah, msimamizi wetu, alitabasamu tu. Simwamini mtu anayetabasamu akitukanwa.

Jumanne, 3 Februari

Niandike polepole.

Noah ametutuma boma kwa boma. Tulianza kwa Mzee Kiptum. Alitusimamisha langoni, jua la Februari kichwani, vumbi mpaka kwenye meno. Kisha akatoka mwanawe, Kipruto. Shati limepigwa pasi, viatu safi — ndani ya boma la ng'ombe! Yeye anataka hereni. Walibishana kwa lugha yao, sikuelewa kitu. Halafu Kipruto akainama akasoma kitambulisho changu cha kazi kifuani.

"Phelista Eliakim. Eliakim wa wapi?"

"Wa Bungoma."

"Bungoma ni kubwa, madam."

Mzee Kiptum alikuwa hajanitazama hata mara moja. Sasa akanitazama. Kisha akatuambia twende, leo hakuna kazi.

Lakini nilikuwa nimeshaona. Ng'ombe walikuwa wanatafuna mabua kando ya ua. Mmoja ana rangi ya chai ya maziwa. Kwenye sikio lake la kushoto, upande wa chini, mapengo mawili yaliyokaribiana kama meno ya panya. Alama ya baba! Baba alikata mapengo hayo kwa wembe na mimi nikiwa nimeshika kamba. Wawili wengine walikuwa nayo pia.

Huyo ni Chai. Alizaliwa wiki niliyopata barua ya chuo. Baba alipofariki, miaka minne iliyopita, mama aliniambia Chai na wenzake wameuzwa nipate kuendelea na masomo. Miaka minne nimemshukuru Mungu kwa sababu ya ng'ombe huyo. Kumbe yuko Kwanza anakula mabua.

Tonny: "Niaje, Phel, umeona nyoka?"

Nikasema ni jua. Ama Mzee Kiptum ni mwizi, ama mama ni mwongo.

Jumatano, 4 Februari

Nilitoka nje ya afisi nikampigia mama. Nikataja Chai tu. Akasema: "Sisi hatuna ng'ombe, Phelista." Akakata. Mama yangu, ambaye huaga mara tatu kabla ya kukata simu!

Niliporudi ndani Noah akaniuliza nyumbani wazima? Sikuwa nimemwambia nampigia nani.

Jumamosi, 7 Februari

Bumula, nyumbani kwa mama. Nimemwambia Noah naenda kumwona mama mgonjwa. Mungu anisamehe, mama ni mzima kuliko mimi.

Kabla chai haijapoa akaingia baba mdogo Wakoli. Yeye hushinda afisini kwa chifu, si mwajiriwa, lakini hakuna karatasi inayobandikwa ubaoni asiyoisoma wa kwanza.

"Ati karani! Ati siku hizi unahesabu ng'ombe za watu. Sasa za ndugu yangu hujakutana nazo?"

Alicheka. Macho yake hayakucheka, yalikuwa kwenye zizi letu lililoota nyasi.

"Hapa hatuna ng'ombe, shemeji," mama akasema, anachambua maharagwe. "Si unajua."

Alipoondoka mama alifunga mlango. Akasema yote bila kuinua uso kutoka kwenye ungo.

Mwaka wa fujo za uchaguzi, Mzee Kiptum alileta ng'ombe kumi na mmoja hapa wafichwe. Baba aliwalaza zizini mwetu miezi minane, akisema ni wake. Kiptum alipokuja kuwachukua alikuta kumi na watatu, maana wawili walikuwa wamezaa. Hakukuwa na karatasi. Hakukuwa hata na shahidi. Basi siku ya tatu baada ya mazishi ya baba, shemeji zake walipoanza kusema mji usio na mtoto wa kiume hauna haja ya zizi, mama alipakia Chai na wenzake kwenye lori lililokuwa linarudi Kitale, akawapeleka kwa Kiptum. Wazee wakaambiwa wameuzwa. Na mimi nikaambiwa hivyo hivyo, kwa sababu mtoto asiyejua hawezi kuulizwa. Karo alilipa kwa kulima mashamba ya watu. Nilidhani ule mgongo wake ni umri.

Hao watatu ndio akiba yake ya uzeeni. Hana kingine.

Akaniambia si sisi peke yetu. Watu wengi wenye ng'ombe huku kwetu na kule Kwanza wana wengine wanaolala kwa rafiki. Wakalenjin wana hadi jina lake, kimanagan. Ugonjwa ukiingia boma moja, haumalizi wote. Jamaa mwenye tamaa akija kuhesabu, hahesabu wote.

Sasa naelewa ule mkutano. Ufunuo, ushuru, harusi — yote ilikuwa mbwembwe. Hakuna hata mmoja aliyetaja sababu yenyewe. Angeitaja vipi? Ukisema una ng'ombe wa watu umeshawasaliti.

Jumapili, 8 Februari

Sikumsikia mchungaji. Nilikuwa nasoma mwongozo wetu ndani ya Biblia. Kifungu cha saba: mwenye ng'ombe ni mwenye boma anamolala. Nafasi ni moja. Jina moja.

Wiki mbili hizi nimeandika ng'ombe mia nne na kumi na wawili. Wangapi walikuwa wamelala tu hapo? Nilikuwa nauliza kwa sauti ya upole, "Wote ni wako, mzee?" Wengine walikuwa wanakohoa kwanza. Nikadhani ni vumbi.

Jumanne, 10 Februari

Nimemwona Kipruto na Noah meza moja, hoteli ya nyuma ya soko la mahindi. Nyama kwenye sinia, vichwa vimekaribiana. Niliposimama mlangoni walinyamaza. Noah akatabasamu.

Jioni Mzee Kiptum alinikuta nje ya duka la dawa za mifugo. Alisimama ananipa mgongo, anasoma bei za dawa za kupe ukutani kama mtu ambaye hatufahamiani.

"Noah ndiye amekutuma kwangu?"

"Hapana, mzee."

"Na hiyo unaandikanga jioni, unaandikia nani?"

Nani amemwambia? Tonny aliwahi kuniona na daftari, Tonny peke yake. Nikasema naandikia mimi.

Akasogeza kidole kwenye bei inayofuata. "Mama yako anasema nini?"

"Anasema hana ng'ombe."

Hapo akacheka, mara ya kwanza namwona meno. "Basi wewe ni wa Eliakim kweli." Kisha akasema yeye anajua zipi ni za nani. Kijana wake anajua tu ziko ngapi, na hataki kujua zaidi. Akaenda zake, hakununua kitu.

Bado simwamini sana. Mtu anayekaa na siri ya mtu miaka minne anaweza kuizoea.

Alhamisi, 12 Februari

Asubuhi wafugaji wote waliingia Kitale kupinga. Bodaboda zilisimama. Walileta ndama mmoja, wamemfunga shingoni kitambulisho cha boksi chenye picha yake mwenyewe — jina, tarehe ya kuzaliwa, kazi: kunyonya. Hata askari walicheka. Mzee Kiptum alikuwa mbele, ameshika kamba.

Saa nne Noah akatuita pembeni. "Kiptum yuko hapa. Nendeni kwake sasa hivi." Kipruto alikuwa anatungoja kwenye gari! Njia ya kubania ng'ombe alishaiunda, mbao mpya, bado zinanuka. Ng'ombe ishirini na watatu. Tonny akabana, mimi nikaandika.

"Jina la mwenyewe?" nikauliza. Nilijua sauti yangu itanisaliti.

"Kipruto."

"Na mzee?"

"Mzee ni wa kitambo, madam. Andika Kipruto, zote."

Chai alikuwa wa kumi na nne. Hereni iliingia sikio la kushoto, katikati ya mapengo ya baba. Alitikisa kichwa, damu kidogo ikaniangukia kwenye kiatu. Nikaandika: jike, rangi ya kahawia hafifu, miaka mitano. Kipruto. Nimeiandika kwa kidole hiki.

Pale hakuna mtandao. Tableti ikasema inasubiri. Ikipata mtandao, inatuma yenyewe, na ikishatuma jina halibadiliki bila sahihi ya aliyeandikwa. Tulipokaribia barabara ya lami nikaizima. Nikasema betri imekufa.

Tonny alitazama dirishani muda mrefu. "Hiyo kitu ilikuwa themanini, Phel."

Nikaiingiza mkobani. Naye hakuongeza. Kunyamaza huko ni kwa urafiki, au kuna mahali atalipeleka neno hili? Sijui. Sikurudi afisini.

Ijumaa, 13 Februari. Bumula

Nimekuja na tableti, imefungwa ndani ya leso. Huu ni wizi wa mali ya serikali, najua jina lake. Noah ametuma ujumbe nane. Wa mwisho: tableti iwe mezani saa kumi, ama tutaonana kwa polisi. Kisha nikazima simu.

Siwezi kuacha tu bila kutuma. Ng'ombe mwenye hereni isiyo na jina mfumoni anahesabiwa wa wizi. Saa kumi na moja ikipita, watakaokamatwa nao ni boma la Kiptum, na yeye ndiye mzee wa boma.

Nimetoa laini kwenye tableti ndipo nikaiwasha, isije ikatuma. Nikamweka mama mbele ya kile kisanduku cha jina.

Nikiandika Kipruto, wamekwenda. Nikiandika Kiptum, wako salama maadamu Kiptum anapumua. Nikiandika Wilkista, jina la mama, orodha itabandikwa kwa chifu wiki ijayo, na baba mdogo ataisoma kabla gundi haijakauka.

Mama akampigia Mzee Kiptum kwa simu yake. Nilisikia sauti ya mzee, ya chini, imechoka. Alisema jana alirudi nyumbani akakuta masikio ya manjano, akalala bila kula. Hataongea na kijana wake leo. Akasema: andika vile mama yako anasema, nitasimama mbele ya yeyote.

Mama aliendelea kuchambua maharagwe. Akatupa moja bovu.

"Andika Phelista."

"Mama, mimi ni karani. Karani haruhusiwi kujiandikisha."

"Wewe una mshahara. Msichana akinunua ng'ombe na mshahara wake, Wakoli ataingilia wapi?"

"Watasema nimeiba! Noah atasema nilikimbia na tableti nikajigawia ng'ombe watatu."

"Watasema." Akaweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akanitazama. "Mimi nimesema uongo miaka minne, Phelista. Sijafa."

Kwa hiyo nimebadilisha. Ishirini: Kiptum, kama wote ni wake. Hakuniambia, sikumuuliza. Watatu, sikio la kushoto, mapengo mawili: Phelista Eliakim. Kifungu cha saba nimekivunja mara tatu kwa dakika moja. Pengine Mzee Kiptum atasimama. Pengine mwanawe atalia na kumwambia, baba, mimi ndiye damu yako, naye akalegea. Nimefikiria hata kwamba walipanga pamoja. Nimefikiria kila kitu.

Saa kumi na dakika ishirini. Laini iko mezani, ndogo kama ukucha. Mama ametoka nje. Nasikia pikipiki imesimama kwa jirani na mtu anauliza njia. Si sauti ya baba mdogo.

Nimeirudisha laini; tableti inasema imetuma. Daftari sitarudi nalo Kitale. Litabaki kwenye ndoo ya unga ya mama. Wewe uliyefika hapa, niliyekusihi unyamaze, sasa nakuomba kinyume: kama jina langu limesomwa mahali kwamba mimi ni mwizi wa ng'ombe, nitafute kwanza mimi.

Usipige simu. Njoo Bumula mchana. Pita kinu cha kusaga, hesabu malango matatu mkono wa kulia, la tatu lina zizi lililoota nyasi. Usitaje afisi wala jina langu. Sema unatafuta ng'ombe wa kununua. Atatoka mama mwembamba ameshika ungo, atakwambia hapa hatuna ng'ombe.

Ni hapo. Usiondoke. Keti kwenye jiwe la langoni, atakuuliza umetumwa na nani, nawe umwambie: mapengo mawili, sikio la kushoto.