Iwona Ameniomba Nimbariki

Łomża,
Jumapili, 3 Juni 2018

Mpendwa mdogo wangu Regina,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, zangu na za shemeji yako Mietek. Hujambo wewe? Sikio lako linaendeleaje, na lile goti walilokupasua baada ya Pasaka? Natumaini umeanza kupanda ngazi bila kushikwa mkono. Sisi tuko salama. Mietek kifua kinambana asubuhi na sigara haachi, lakini mdomo wake hauumwi hata kidogo. Mimi ni mzima kuliko mzima, na utajionea mwenyewe nikikuambia nilikotoka.

Nimetoka vinamasini, Regina, kwa baiskeli! Mimi dada yako, na miaka yangu sitini na minne. Tumeanza Wizna, tukafuata mto na Barabara ya Tsar, tukavuka vinamasi vyote vya Biebrza mpaka Augustów, siku baada ya siku juu ya kiti kigumu kama ubao wa kukatia nyama. Mietek alisimama mlangoni akaniambia, "Czesia, nikungoje hospitali au makaburini?" Nikamwambia aningoje jikoni, na viazi awe ameshamenya. Waeleze hao mashoga zako wa kanisani huko Chicago wanaopanda gari kwenda kununua mkate.

Lakini sikukaa kuandika ili nijisifu tu. Lipo jambo, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Iwona anaolewa. Iwona wetu, mke wa Sławek.

Mwaka wa nne huu tangu lori la Sławek lipinduke kule Ujerumani. Sihitaji kukukumbusha mwanangu alikuwa dereva wa namna gani: kutoka Hispania mpaka Norwe bila mkwaruzo hata kwenye kioo. Tangu tumzike, Iwona hajaacha kuja kula kwetu Jumapili. Watoto hawakujaliwa. Kwa hiyo aliyebaki wa Sławek katika dunia hii ni yeye tu. Sasa amepata mwanamume, anaitwa Witek, daktari wa mifugo, na harusi ni Septemba.

Hilo peke yake ningelimeza. Lakini unajua Iwona hana mama. Amelelewa kituo cha watoto, na yule shangazi yake aliyembariki alipoolewa na Sławek naye ameshafariki. Basi akaniomba mimi. Anataka siku ya harusi atokee kwangu. Wapige magoti yeye na huyo Witek kwenye zulia langu, niwanyunyizie maji ya baraka, niwape msalaba waubusu, niseme maneno ya mama wa bibi arusi, halafu nifungue mlango niwatoe kwenda kanisani. Mimi, Regina! Mama yake Sławek!

Nilimwongezea supu.

Jumapili iliyofuata alikuja na baiskeli mbili juu ya gari. Safari hii ya vinamasini Sławek alimwahidi kila mwezi Mei, na kila mwezi Mei kulikuwa na mzigo wa kupeleka mahali. Iwona akasema anataka kuifanya kabla hajaolewa, na hataki kuifanya na mtu mwingine ila mimi. Utakataaje? Nilikwenda. Na nilikwenda nikijua kwamba mwisho wa safari atataka jibu.

Maji ya mafuriko yalikuwa bado hayajapungua mabondeni, mashamba yote yanang'aa kama sinia, na korongo wanatembea humo kama mapadri wanaokagua parokia. Mbu ndio usiseme. Siku ya kwanza Iwona alikuwa mbele, anageuka kila mara.

"Mama, badilisha gia, unajiua!"

"Wewe hujazaliwa mimi nilikuwa napeleka maziwa kituoni na madumu mawili kwenye usukani, kwa baiskeli isiyo na gia. Tazama mbele usije ukaingia mtaroni!"

Na kweli akaingia mtaroni, kwa sababu kulungu mkubwa wa kinamasi alikuwa amesimama katikati ya barabara na midomo yake ile mirefu, anatutazama kama tumeingia sebuleni kwake. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Halafu nikakumbuka kwamba kicheko hicho kilikuwa haki ya Sławek, nikainuka nikaishika baiskeli yangu.

Kilichonitesa ni kwamba haniulizi. Ananifunga viatu, ananipaka dawa ya mbu shingoni, ananikatia mkate na jibini, lakini lile swali haulizi. Tulipofika kwenye ile njia ndefu ya mbao inayoingia ndani ya kinamasi, tumeegesha baiskeli, tunatembea matete kushoto na kulia, mimi ndiye niliyeanza, na nilianza vibaya.

"Na huyo daktari wako wa ng'ombe, mbona hakukuleta yeye?"

"Hawezi baiskeli, Mama. Anaanguka."

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima. Mwaka jana aliangukia kwenye ua wa padri."

Nilicheka, Regina, kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka. Sikutaka huyo mtu awe na jambo la kuchekesha. Nilitaka awe mtu mbaya. Nikamwambia Iwona kwamba Sławek alijua baiskeli tangu ana miaka minne, na alikuwa akishuka mlima wa kanisa bila kushika usukani.

Akasema taratibu, "Najua, Mama. Umeniambia." Tukatembea kidogo. Halafu akasema, "Mama, ukikataa sitakulaumu. Nitatoka tu kwangu, mwenyewe, nifunge mlango niende. Si vibaya."

Nikamwambia mbu wananimaliza, turudi.

Lakini ile picha haikunitoka. Bibi arusi anatoka nyumbani peke yake, anageuka kufunga mlango kwa ufunguo, anautia mkobani. Niliendesha baiskeli nikiiona njia nzima mpaka karibu na Goniądz, na upepo ulikuwa wa kutupiga usoni, kwa hiyo macho yangu yalikuwa na sababu ya kutoa machozi.

Hapo karibu na Goniądz tulipanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Teofila, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Alitulisha madonge ya viazi yenye nyama mpaka nikashindwa kuinuka, na mimi sishindwi ovyo. Jua lilipoanza kushuka akasema twende naye msalabani. Si ulikuwa bado Mei, mwezi wa Bikira Maria? Na huko wanawake bado wanakusanyika kila jioni kwenye msalaba wa njia panda, wanaufunga riboni na maua, wanamwimbia Mama wa Mungu litania, kama tulivyokuwa tukifanya na mama yetu. Niliimba, Regina. Sauti yangu bado ipo. Wawili waligeuka kunitazama.

Baada ya kuimba, mazungumzo. Mmoja mwenye kilemba cha bluu akamtazama Iwona, aliyekuwa amebaki nyuma kidogo na baiskeli.

"Na huyu mrembo ni nani wako?"

"Binti yangu," nikasema. Ndivyo ninavyosema siku zote.

"Wajukuu wangapi?"

"Bado."

"Ana mume?"

"Alikuwa naye. Mungu alimchukua."

Yule mwanamke akanitikisia kichwa, akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti: "Maskini. Na umri nao ndio huo unakwenda. Nani atamchukua sasa?"

Hapo, mdogo wangu, damu ilinipanda mpaka masikioni. Unanijua. Mtu amhurumie mtoto wangu mbele yangu, kama ng'ombe aliyekosa soko?

"Nani atamchukua? Ameshachukuliwa! Anaolewa Septemba! Na daktari!"

"Daktari wa nini?"

"Wa mifugo! Wilaya nzima ndama hatoki tumboni bila yeye! Na huyu binti yangu ni mkuu wa wauguzi, ana wauguzi kumi chini yake, na ameendesha baiskeli kutoka Wizna, wewe umeendesha nini?"

Wakaangua kicheko. Bi Teofila akapiga makofi. "Haya mwenzangu, na atatokea wapi, hoteli kama wa siku hizi?"

"Hoteli ya nini, na mimi niko hai? Atatokea kwangu! Nitambariki mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na nitamtoa kwenye mlango wangu!"

Nilisema hivyo mbele ya msalaba, Regina, na Jina la Maria bado liko mdomoni. Wanawake wote wakamwendea Iwona, wanambusu mashavu, huyu anamshika mkono, huyu anamwimbia, Bi Teofila ameshatoa chupa ya pombe ya cheri kutoka kwenye aproni. Nikageuka na mimi nimwone. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, analia wazi bila kujifuta, ananitazama mimi tu.

Ndipo nikasikia nilichokisema.

Nikaaga kwamba nakwenda kunawa uso, nikaenda nyuma ya ghala la Bi Teofila, nikalia kama ambavyo sikulia hata siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu wa kupokea, chai ya kupika, viti vya kuazima. Hapa kulikuwa na kuku tu.

Asubuhi tunafunga mizigo, Iwona akaniambia, "Mama, kama ulisema ili kuwanyamazisha wale, niambie. Sitakushikilia."

Nikamjibu, "Mimi sijasema mbele ya msalaba neno nisilolitenda. Kaza mkanda wa begi, unaning'inia."

Akaja akanikumbatia na kofia yake ya baiskeli kichwani, ikanigonga kwenye paji la uso. Bado nina alama. Mietek anasema nimepigana baa.

Kutoka hapo mpaka Augustów mvua ilitunyeshea karibu njia yote. Tulipofika ziwani tukala samaki wa kuokwa kwa moshi, tumelowa sote wawili, na hapo ndipo nilipomwomba kitu kimoja. Nikamwambia siku ya Watakatifu Wote aje makaburini peke yake kwanza, awashe mshumaa wake kama kila mwaka, na huyo Witek aje baadaye, akitaka. Akasema Witek ameshamwambia hivyo hivyo, tena kabla yangu. Ameniudhi tena, huyo mtu. Hanipi hata nafasi ya kumchukia.

Basi nimekubali, na wewe umelisikia kwangu. Usiniandikie kwamba nimefanya vizuri. Mietek ananiambia hivyo kila siku, na kila siku natamani kumpiga na mwiko. Mtu aliyekufa akaacha mjane hajaondoka kabisa, Regina. Yuko mtu anayeitwa wa kwake, anayesaini kwa jina lake, anayejua alikuwa akilala upande gani. Nikimaliza kumbariki Iwona, mwanangu atabaki na sisi wazee wawili tu wa kumkumbuka, na mmoja wetu anavuta sigara.

Iwona anakusalimu sana. Anasema ataendelea kukuita mama mdogo, na ole wako ukikataa. Mietek anakusalimu, anauliza kama huko wanauza bado yale marashi uliyomletea mwaka ule. Nisalimie Edek wako na wale mapacha, waambie bibi yao mkubwa amevuka Biebrza kwa baiskeli, na wakibisha nitawatumia picha. Nisalimie pia Bronka wa ghorofa ya chini, kama bado mnasemeshana.

Mungu akulinde wewe na goti lako, na Mama wa Mungu akuwekee mkono wake kifuani unapolala mbali na sisi.

Na nina ombi moja. Jikoni, nikiwa peke yangu, najaribu yale maneno ya baraka. Mwanzo nayasema vizuri, hata mama yetu angesifu. Lakini nikifika pale pa kumwambia bibi arusi, nakukabidhi kwa mume wako, halafu unataja jina, ulimi wangu unasema Sławek. Nimejaribu mara nyingi, kila mara ni Sławek. Niombee, mdogo wangu, siku hiyo nisikosee jina.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Czesława