Benchi la Wendell penye Kinu cha Zamani

Janine uko wapi? Sitaki salamu, soma tu.

Ile ziara ya majengo ya kale ya kaunti yetu, nimeenda leo na mama mkwe, mama yake marehemu Wendell. Yeye ndiye aliyenibembeleza twende. Ningejua.

Tumefika bustanini, pale kwenye kinu cha zamani cha maji. Kuna benchi jipya la kumbukumbu. Unajua wanavyobandika kibao cha shaba chenye jina la marehemu. Mwongoza ziara akakisoma kwa sauti, watu wote wanasikiliza.

"Kwa Wendell, mume wangu daima. Roxanne."

Roxanne, Janine. Mume wangu daima. Huyo mke wa kwanza aliyemwacha akakimbilia Florida, mimi nikamuuguza Wendell mpaka nikamfumba macho.

Nikamuuliza mama mkwe, ulijua? Hata hakupepesa macho.

"Nilimchangia. Wewe ulikuwa muuguzi mzuri, mwanangu, hilo hakuna anayekunyima. Lakini mke ni yule."

Muuguzi mzuri. Mbele ya watu. Bibi mmoja mwenye kofia akaniuliza kama bado nafanya kazi hiyo, maana baba yake ni mgonjwa.

Halafu mama mkwe akakaa kwenye benchi, akanipa simu yake nimpige picha amtumie Roxanne.

Nikampiga hiyo picha, Janine. Mkono ulienda wenyewe.

Akaitazama, akanirudishia simu.

"Rudia, na usogee pembeni. Kivuli chako kimeziba jina la Roxanne."